Umebadili daktari? Usitoke mikono mitupu!

Huku kwetu Mandewa upepo ni ule ule, ukianika kanga unaikuta kwa jirani. Leo tuongee ya chumbani, ila kwa adabu. Na nyie akina kaka msigeuze ukurasa, maana likiharibika ni la wote wawili.

Nina shosti wangu mmoja, jina nalifungia kabatini. Alikaa Dar miaka miwili akimeza vidonge vya majira. Vikikaribia kuisha anakwenda kliniki ya kulipia, anatoa kadi ya bima ya kazini kwa mumewe, anapewa pakiti zake, huyoo anaondoka. Mara mume akabadili kazi, wakahamia Singida, wakapanga hapa hapa Mandewa. Kadi ya zamani ikafa, na ya mwajiri mpya ikawa "inashughulikiwa". Si mnaijua lugha hiyo?

Shosti akasubiri kadi. Vidonge vikaisha. Mwisho akajikamua akaenda kwa daktari wa kulipia, mgeni kwake kabisa. Daktari akampima presha: 150 kwa 95. Akamwambia, "Vidonge hivi sikupi tena, kafikirie njia nyingine, uje siku nyingine." Shosti akanuna. Miaka miwili nameza, leo ndiyo vimekuwa vibaya? Huyu anataka hela tu! Akatoka bila kidonge, bila sindano, bila hata kondomu. Wiki chache baadaye kipimo kikatoa mistari miwili. Na ada ya chuo alishalipa. Tulikaa kitandani kwake tukalia wote.

Sasa tusidanganyane. Kwa upande wa presha, daktari alikuwa sawa. Vidonge vingi vya majira vina homoni mbili, na presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi havikufai, vinaongeza hatari ya kiharusi. Havimfai pia mwenye kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli, wala anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6. Lakini njia zimejaa: vidonge vya homoni moja, vijiti vya mkononi vya miaka 3 au 5, kitanzi cha shaba kinachokaa miaka 10 na zaidi. Kosa la daktari ni kumwacha mtu atoke mikono mitupu. Kosa la shosti ni kununa badala ya kuuliza.

Kuna kosa la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi: kusubiri bima. Jamani, katika vituo vya serikali huduma za uzazi wa mpango ni bure! Huhitaji kadi ya mtu. Tafuta ile nyota ya kijani ukutani, ingia, sema shida yako. Mambo haya si mageni nchini, UMATI wanayahangaikia tangu 1959.

Basi dada yangu, ukihama mji au ukibadili daktari, shika haya.

Kwanza, nenda kabla pakiti haijaisha. Kama ulikuwa unameza sawasawa, unaweza kuhamia kijiti siku hiyo hiyo, husubiri hedhi. Wa sindano ya miezi mitatu, njia mpya ianze kabla au siku ile sindano nyingine ilipotakiwa.

Pili, beba kadi yako ya kliniki na pakiti tupu. Rangi ya boksi inaweza kubadilika na dawa ikawa ile ile, kwa hiyo msomeshe daktari maandishi. Kama unameza dawa za TB au za kifafa, sema, maana baadhi zinapunguza nguvu ya vidonge na vijiti.

Tatu, ukiambiwa "hii haikufai", usinune. Uliza: "Sasa leo natoka na nini?" Hata kama ni kondomu za kukuvusha wiki, ondoka nazo. Na kama ajali imeshatokea, vidonge vya dharura vinasaidia ndani ya siku 5, ila mapema ndiyo bora. Usikae ukihesabu vidole.

Shosti wangu sasa anahudhuria kliniki ya wajawazito, presha yake wanaiangalia kila akienda. Chuo anasema ataanza mwakani, tumwombee. Juzi nilimwuliza kama ataniruhusu niandike. Akacheka kidogo, akasema, "Andika tu. Labda mwenzangu ataponea hapo."

Nami nimeandika. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.