Mifupa ya vijana wetu ijengwe sasa

Na Mwandishi Wetu

Sokoni Mwanjelwa, jijini Mbeya, dagaa hupangwa mafungu mafungu, na mama mwenye haraka huweza kupita bila kuwatupia jicho. Lakini kwa mama anayelea kijana mwenye virusi vya UKIMWI, fungu hilo si kitoweo tu. Ni sehemu ya tiba.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kuwa maambukizo kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi yalikuwa asilimia 11.1 mkoani Iringa na asilimia 9.6 mkoani Mbeya, wakati kwa taifa zima yalikuwa asilimia 4.4. Tangu dawa za kufubaza virusi zianze kutolewa bure nchini mwaka 2004, watoto wengi waliozaliwa na virusi wamekua, na baadhi yao sasa ni wazazi. Uhai wameupata, mifupa yao je?

Mifupa ni akiba. Takriban sehemu tisa kati ya kumi za akiba hiyo huwekwa kabla ya umri wa miaka 20. Virusi huipunguza, kwani huchelewesha ukuaji na balehe. Utafiti uliofanywa Harare, Zimbabwe, kwa watoto wa miaka 8 hadi 16, ulibaini kuwa wenye virusi walikuwa na mifupa hafifu kuliko wenzao. Aidha, dawa ya tenofoviri, iliyomo katika kidonge wanachomeza wengi nchini, hupunguza uzito wa mifupa kwa asilimia 1 hadi 3 katika miaka ya mwanzo, kisha upungufu hutulia.

Je, dawa iachwe? La hasha! Anayeacha dawa huvipa virusi nafasi ya kumwangamiza. Lililo la busara ni kumweleza daktari, hasa ikiwa kijana amewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo. Daktari ndiye atakayeamua kumpa vitamini D na kalsiamu, au kumbadilishia dawa. Zile dawa za mifupa wanazopewa wazee ni nadra kupewa vijana.

Akina dada nao wana la kuuliza kliniki. Utafiti wa Kampala, Uganda, uligundua kuwa wanawake walioanza tenofoviri huku wakitumia sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi 3 walipoteza mifupa maradufu. Wasiiache sindano kimya kimya. Waombe ushauri wa njia nyingine.

Mengine yamo mikononi mwetu. Kijana wa miaka 9 hadi 18 huhitaji miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku. Glasi moja ya maziwa hutoa takriban 300. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao na mboga za majani huongeza. Baridi ya Juni na Julai isimfungie kijana ndani ya koti kutwa. Jua likichomoza atoke, akunje mikono ya shati, kwani jua hutengeneza vitamini D mwilini. Acheze mpira, aruke kamba, kwa maana mfupa usiotumika hudhoofu. Sigara na pombe, ukiwamo ulanzi unaopendwa sana Iringa, ajiepushe navyo.

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Mzazi, anza leo, kijana wako angali anakua.