Koo Limepona, Moyo Bado

Mtoto analalamika koo, mate hayamezeki, mafindofindo yamevimba. Siku chache tu yuko uwanjani na wenzake, na kwa wengi mambo huishia hapo. Kwa wachache, baada ya wiki 2 au 3, homa inapanda na goti linavimba, hata shuka ikiligusa analia. Goti likitulia, kifundo cha mguu kinapokea, kisha kiwiko. Mzazi anadhani kaumia mpirani, kumbe huenda ni homa ya baridi yabisi, ambayo hasa huwapata wenye miaka 5 hadi 15.

Chanzo ni bakteria wa koo, streptokokasi wa kundi A. Protini zake zinafanana na za mwili wetu, hivyo kinga inayomwandama hugeukia viungo, ngozi, ubongo na moyo. Viungo hupona. Valvu za moyo ndizo hubaki na makovu, zikavuja au zisifunguke sawasawa. Kukata kimeo, ambako baadhi ya familia bado hukimbilia, hakumwondoi bakteria huyo. Penisilini humwondoa, na ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo kuuma, kwa kawaida huizuia homa hiyo.

Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha ugonjwa. Daktari hufuata vigezo vya Jones vya mwaka 1944, vilivyorekebishwa 2015, akisaidiwa na vipimo vya damu na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Dalili inayopotosha zaidi ni mikono kurukaruka yenyewe: mwandiko unaharibika, vikombe vinadondoka, shuleni anaitwa mtundu, nyumbani wanataja mashetani.

Aspirini hutuliza viungo tu. Ya kuulinda moyo ni sindano ya benzathini penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka 5 au mpaka atimize 21, kutegemea kipi kitachelewa. Moyo ukiwa umeguswa, muda huongezwa. Kaskazini mwa Uganda, watoto 818 wenye dalili za awali kwenye valvu walifuatiliwa miaka 2: waliozidiwa ni asilimia 0.8 ya waliochomwa, dhidi ya 8.2 ya wasiochomwa.

Shida ni kwamba sindano hiyo inauma, na anayejiona mzima huanza kuikwepa. Muulize nesi: dawa inaweza kuchanganywa na ganzi ya lignokaini, ikaachwa hadi ubaridi wa friji uishe, kisha ikasukumwa polepole.