Mistari miwili inayoamua kama ukurasa wako utafunguliwa

Abiria yuko Nyakanazi, wilayani Biharamulo, anasubiri gari la kwenda Ngara. Jioni inaingia na bado hajui atalala wapi akifika. Anatoa simu, anaandika kwenye Google: "gesti Ngara". Majibu yanaweza kumchanganya, kwa sababu kuna Ngara nyingine jijini Nairobi. Mwenye gesti ya Ngara yetu, ambaye ukurasa wake wa intaneti umeandikwa tu "Karibu sana", anampoteza mteja huyo bila hata kujua.

Leo tunaeleza mistari miwili inayoweza kuzuia hasara hiyo: kichwa cha ukurasa na maelezo mafupi yanayokaa chini yake.

Msikilizaji, unaijua taarifa ya habari ya redioni. Mtangazaji huanza na muhtasari, na hapo ndipo unapoamua kuongeza sauti au kuendelea na kazi zako. Google nayo hufanya hivyo. Humwonyesha mtu kichwa cha kila ukurasa kwa maandishi makubwa, na chini yake sentensi moja au mbili za maelezo. Mtu huamua kwa kusoma hayo tu. Mwenye bando la MB chache hawezi kufungua kurasa kumi ili aone ipi inamfaa.

Kichwa kizuri hujibu maswali mawili: ni kitu gani, na kiko wapi. Hapa kwetu swali la pili lina uzito wake. Kabanga iko Ngara, karibu na mpaka wa Burundi, lakini iko Kabanga nyingine Kasulu, mkoani Kigoma. Rusumo nayo ina upande wa Tanzania na upande wa Rwanda. Kwa hiyo ukiandika jina la kijiji au kata, taja na wilaya.

Tuseme kikundi cha wakulima kinauza miche ya kahawa. Kichwa "Ukurasa wa mwanzo" hakimwambii mtu lolote. Afadhali hiki:

"Miche ya kahawa Rulenge, Ngara – bei na namna ya kuagiza"

Kina herufi 56 ukihesabu na nafasi. Kwa kawaida kichwa kikizidi herufi 60 hivi, mwisho wake unaweza kukatwa, hivyo neno muhimu liwe mwanzoni. Jina la kikundi linaweza kufuata nyuma.

Kwa maelezo mafupi, kumbuka SMS. Ujumbe mmoja wa kawaida una herufi 160, na maelezo yako yasizidi hapo. Kwa mfano:

"Kikundi cha wakulima Rulenge kinauza miche ya kahawa aina ya robusta. Angalia bei ya mche, siku za kuchukua na namba ya simu ya kuagiza."

Msomaji anajua nani anauza, anauza nini, na atakuta nini akifungua.

Tumia maneno ambayo watu wenyewe huandika wanapotafuta. Kama wateja wako husema "gesti", usiandike "nyumba ya kulala wageni" peke yake. Kila ukurasa uwe na kichwa chake: wa bei useme bei, wa mawasiliano useme mawasiliano. Kurudia neno moja mara tano, "kahawa kahawa kahawa", hakusaidii. Ile orodha ya maneno ya siri ambayo baadhi ya mafundi huiweka ndani ya ukurasa, Google ilishatangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga majibu yake.

Fahamu pia kwamba Google inaweza kuyaacha maelezo yako na kuchukua sentensi nyingine kutoka ndani ya ukurasa, ikiona inalijibu vizuri zaidi swali la mtu. Kwa hiyo na maandishi ya ndani yawe wazi.

Unaandika wapi mistari hii? Kama ukurasa wako uko Blogger, maelezo mafupi huwashwa kwanza kwenye mipangilio. WordPress wengi hutumia programu ya nyongeza kama Yoast. Kama tovuti ilitengenezwa na fundi, mwandikie mistari yako miwili kwenye karatasi umpelekee. Yeye anajua kompyuta, lakini biashara unaijua wewe.

Jambo la mwisho ni ukweli. Ukiandika "bei ya leo" na ndani ipo ya mwaka jana, mtu ameshalipia bando lake bure, na safari nyingine ataruka jina lako. Na wewe unayetafuta, kumbuka kwamba mistari hiyo imeandikwa na mwenye ukurasa. Ukiona "Ajira mpya halmashauri" au "Mkopo bila dhamana", tazama kwanza anwani. Tovuti za halmashauri zetu, ngaradc.go.tz na biharamulodc.go.tz, huishia na go.tz, ambayo ni ya taasisi za serikali.

Kabla hujaweka ukurasa hewani, msomee jirani mistari yako miwili bila kumwonyesha kitu kingine. Muulize: ni kitu gani, na kiko wapi? Akishindwa kujibu, andika upya.