Hatamu na Mhimili: Maneno Mawili ya Dola

Fundi ajengaye nyumba ya miti na udongo huko Masaki, wilayani Kisarawe, hahitaji kufafanuliwa maana ya mhimili: ni mti unaobeba uzito wa paa. Neno hilo lina mzizi mmoja na kitenzi kuhimili, chenye asili ya Kiarabu. Katika siasa, Serikali, Bunge na Mahakama huitwa mihimili mitatu ya dola, na tamathali hiyo huashiria usawa, walau katika hotuba.

Tamathali iliyotangulia ilikuwa nyingine. Mwaka 1975 ukuu wa chama uliingizwa katika Katiba, ikasemwa kwamba chama kimeshika hatamu. Hatamu ni kamba ya kumwongozea mnyama, nayo hushikwa na mpandaji mmoja tu. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, hatamu ikafifia, mihimili ikasikika zaidi.

Je, mihimili hiyo hubeba uzito sawa? Shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi ladokeza vingine. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimruhusu mgombea wa namna hiyo. Mwaka huohuo Bunge likabadili Katiba ili kumzuia. Mahakama Kuu ikarudia msimamo wake mwaka 2006, lakini mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaamua kuwa suala hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ikampa Mtikila ushindi. Chaguzi za 2015, 2020 na 2025 zilifanyika bila mgombea binafsi hata mmoja.