ROBOTI YAONGOZAPO MAGARI

Asubuhi moja hapa Mutanga Nord nilimwona askari polisi akinyoosha mkono kusimamisha gari. Dereva alipunguza mwendo, akamtazama usoni kana kwamba anaipima amri ile. Nikakumbuka habari za Kinshasa.

Huko, mwaka 2013, roboti za kuongoza magari ziliwekwa katika njia panda. Mbunifu wake ni mhandisi Thérèse Izay Kirongozi. Zilikuwa za alumini, kimo chapata mita 2.5, zikitumia nguvu za jua. Ziliinua mikono, zikageuza kifua, zikawasha taa nyekundu na kijani, na kamera zake zikanasa sura ya barabara. Dereva mmoja aliwaambia waandishi wa habari kuwa wapo wasiomheshimu askari, lakini roboti wataiheshimu. Neno hilo lauma, ndugu askari, wala tusilipuuze. Mashine haina shemeji, wala haiulizi cheo cha aliyemo garini.

Lakini pia haimjui mama mwenye uchungu aliyelazwa kiti cha nyuma. Askari yule wa Mutanga Nord, dakika chache baadaye, alisimamisha magari ya pande zote, akaipisha teksi iliyopeperusha kitambaa cheupe dirishani.