Jina la Kazi katika Nchi ya Mipaka

Wilaya ya Koboko nchini Uganda, iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005 na ambayo Midia ni mojawapo ya kata zake, inapakana na Kongo upande wa magharibi na Sudan Kusini upande wa kaskazini, na kwa sababu hiyo mtu afunguaye kibanda cha ushonaji au duka la unga mahali hapo hawezi kutaraji kwamba wanunuzi wake watakuwa watu wa lugha moja. Aliyevuka kutoka Kaya atauliza bei kwa Kiarabu cha Juba, aliyetoka upande wa Ariwara atajaribu Kibangala au Kiswahili, jirani atasema Kikakwa, mgeni wa Arua atasema Kilugbara, na pale lugha hizo zinaposhindwa kukutana, aghalabu Kinubi ndicho kitakachowapatanisha. Fundi huyo mpya, akiisha kununua cherehani na kulipa kodi ya chumba, hubakiwa na jambo moja ambalo wengi hulifanya kwa haraka, kwa kumwachia mchora mabango achague, nalo ni jina. Hapo ndipo nionapo hasara kubwa, maana jina la biashara ni ikirari: mwenye kulitundika mlangoni anakiri mbele ya watu kwamba kazi itokayo humo ni yake, na kwamba lawama yake, ikitokea, ni yake vilevile.

Njia kongwe kuliko zote ni ya mtu kutumia jina lake mwenyewe. Alidina Visram, tajiri mwenye asili ya Kutch aliyefariki mwaka 1916, alieneza maduka yake kutoka Bagamoyo hata Uganda kwa jina lile lile alilopewa na wazazi wake, na jina hilo likawa na itibari kubwa hata kwa watu ambao hawakupata kumwona kwa macho. Mpaka leo iko shule ya sekondari mjini Mombasa inayoitwa kwa jina lake. Mwenye kufanya hivyo hana mahali pa kujificha, na mnunuzi hulijua hilo, ndiyo sababu humwamini upesi zaidi. Kwa kinyozi, mkunga, seremala na mshonaji, ambao kazi yao haitengani na mikono yao, mimi sioni jina lililo bora kuliko la mtu mwenyewe.

Lakini katika nchi ya West Nile, ambamo Koboko imo, shauri hilo lina uzito wake. Mtaalamu wa elimu ya jamii John Middleton, aliyeishi miongoni mwa Walugbara, aliandika mwaka 1961 katika jarida la Uganda Journal juu ya majina yao, na jambo analolijua kila mwenyeji ni kwamba mengi ya majina hayo hutaja msiba, ufukara au ugomvi wa majirani uliokuwapo siku mtoto alipozaliwa, yakiwa kana kwamba mama ametuma ujumbe kwa walimwengu kwa kinywa cha mwanawe. Mtu aliyeitwa kwa jina la kifo hulichukua kwa heshima maisha yake yote, na wazee wa kwao hawashangai. Ila afungue duka la dawa kwa jina hilo, na mgonjwa anayeielewa lugha asome bango, bila shaka atasita mlangoni. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kulionea haya jina lake, wala sitamshauri alibadili. Atumie jina la pili, au la ukoo, au atafute jina jipya la kazi tu. Wabari na jamaa zao Wakakwa wana tatizo lingine, kwa kuwa majina yao mengi hufuata mpango wa kuzaliwa, kama Wani, aitwavyo mtoto wa tatu wa kiume, na kwa hiyo akina Wani wawili katika soko moja watapokea sifa na matusi ya mwenzao bila ya kutaka.

Aliyechagua jina jipya naye ana mifano. Said Salim Bakhresa alianza na mkahawa mdogo mjini Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na ijapokuwa kampuni ilibaki na jina la ukoo wake, gunia la unga lilichapwa Azam, neno fupi ambalo Mswahili, Mganda na Mkongomani hulitamka bila kukwama. Karibu zaidi na Midia, dayosisi ya Katoliki ya Arua ilipofungua redio yake mwaka 2004 iliiita Radio Pacis, kwa neno la Kilatini ambalo si mali ya kabila lolote la West Nile, hivyo Mlugbara hakuweza kudai kuwa ni redio yake peke yake wala Mkakwa kuona kwamba ametengwa. Hekima hiyo inafaa hata kwa muuza karanga. Alitamke jina lake mbele ya bibi kizee asiyejua kusoma, kisha mbele ya dereva wa lori kutoka Juba, kisha aliseme kwenye simu yenye kelele, na kama watatu hao hawawezi kulirudia, basi atafute jingine kabla ya kununua rangi. Na ajihadhari na majina ya majivuno yanayodai kazi ya kimataifa ilhali ndani ya chumba mna cherehani moja, kwa sababu mnunuzi ataona mwenyewe hitilafu baina ya bango na chumba, na shaka hiyo haitaishia kwenye bango.

Sheria ya Uganda inayohusu uandikishaji wa majina ya biashara, ambayo asili yake ni ya enzi za ukoloni, haimlazimishi mtu afanyaye kazi kwa jina lake halisi la ukoo bila nyongeza kuliandikisha. Lakini mara anapochukua jina jingine, sharti aliandikishe kwa Uganda Registration Services Bureau, idara iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1998 na ambayo ina ofisi mjini Arua. Kwanza hutazamwa kama jina hilo limekwisha kuchukuliwa au linafanana mno na la mwingine, na mwenye kutaka kampuni kamili huweza kuhifadhiwa jina kwa siku 30 akitayarisha hati zake. Wengi hudhani kwamba cheti hicho kinawapa umiliki wa jina dhidi ya watu wote. Sivyo. Ulinzi wa namna hiyo hupatikana kwa kuandikisha alama ya biashara chini ya sheria ya mwaka 2010; uandikishaji huo hudumu miaka 7 kwanza, na kisha huweza kufanywa upya kwa miaka 10.

Kadhalika cheti cha jina la biashara hakimtenganishi mtu na madeni yake: mdai akija, huja mpaka nyumbani kwa mwenye jina. Kwa hiyo ndugu wawili wa Midia wanaotaka kufungua duka la vitenge kwa jina la marehemu baba yao wangefanya vema kuandika, siku ile ile ya kugawana mtaji, ni nani atakayelichukua jina hilo watakapoachana, na kuweka sahihi zao mbele ya wazee wa ukoo.