Gari Lisipowaka, Lisikilize Kabla ya Kulilipia



Majira ya baridi yakiingia hapa Manassas, si ajabu kumwona mwenzetu alfajiri akizungusha ufunguo na gari lisiitike. Treni ya VRE imewapeleka wafanyakazi Washington tangu mwaka 1992, lakini mwenye zamu ya usiku hutegemea gari lake, na zamu iliyokosekana ni pengo katika kodi ya nyumba. Kwa hofu hiyo, wengi hukubali kubadilishiwa vifaa vizima. Heri kwanza tusikilize gari linasema nini.

Likiwa kimya, na taa zake hafifu, shuku betri. Likilia ta-ta-ta kwa haraka, umeme umepungua, au vichwa vya betri vimelegea ama vimeshika kutu nyeupe. Taa zikiwa kali, na ukasikia "ta!" mara moja tu, yaelekea stata ndiyo mbovu. Injini ikizunguka kwa nguvu bila kuwaka, usinunue betri. Chunguza mafuta, fyuzi na cheche za plagi.

Betri nzima iliyopumzika huwa na volti 12.6 hivi. Injini ikinguruma, kipimo hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Kisipopanda, huenda alteneta haichaji, na betri mpya nayo itakwisha kama ya kwanza. Tukumbuke pia kwamba joto la Julai ndilo huila betri polepole. Baridi ya Januari hufichua tu madhara yake. Basi ipimwe mwezi Oktoba, kabla ya barafu.

Ukiazima umeme kwa jirani, fuata utaratibu huu. Waya mwekundu uanzie kwenye chanya ya betri iliyokwisha, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi uanzie kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ishikwe kwenye chuma kitupu cha injini iliyokwama, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mweleze fundi dalili ulizozisikia, umwombe akuonyeshe kipimo kabla hujatoa fedha.